Ya Nje, Lakini Isinyeshewe

Sisi wa Musoma, Bunda na Butiama hatuilalamikii mvua. Tulitangulize hilo, maana tukifungua tu mdomo dukani tunajibiwa, "Sasa mama, unataka nikamshitaki Mungu?" Hapana, mwanangu. Mvua tunaiomba. Ndiyo muhogo wa Majita, ndiyo pamba ya Bunda, ndiyo majani ya ng'ombe wa Butiama. Tunalolilalamikia sisi ni boksi.

Boksi lenyewe lina picha ya taa ya sola juu ya geti. Matone ya mvua yamechorwa yakidunda juu ya taa, na chini yake kuna familia iliyovaa vizuri inacheka, sijui inacheka nini usiku ule kwenye mvua. Muuzaji analigonga boksi kwa ukucha: "Hii ya nje, hii. Itumbukize hata ziwani." Unatoa elfu arobaini na tano, unapanda bodaboda na taa yako mapajani. Wiki ya tatu inanyesha mvua ya vuli, ya kawaida kabisa, isiyong'oa hata bati la banda la kuku. Asubuhi taa ina maji ndani, yanacheza kama ya kwenye glasi. Unairudisha. Muuzaji ni yule yule. Anaigeuza, anaitikisa, anayasikia maji, halafu anakutazama kwa huruma kama mtu aliyeletewa habari za msiba: "Aa, hii imeingia maji. Maji hayamo kwenye waranti."

Yaani mtu kakuuzia mwavuli, umelowa, anakwambia kosa lako ni kutoka nao kwenye mvua.

Wengi wetu tumekutana kwa fundi. Benchi la fundi ndilo bunge letu, na wabunge wake hawapigiwi kura, wanaletwa na hasara. Siku moja tulikuwa sita. Mwalimu mstaafu kutoka Bweri amekuja na king'amuzi kilichokufa na kichwa cha dishi kimefungwa kwenye gazeti. Mama mmoja wa dagaa kutoka Mwigobero ana taa mbili za kuvulia kwenye ndoo. Kijana wa Bunda ana kamera ya ulinzi aliyoifunga juu ya duka lake la spea za pikipiki, nayo tangu mvua ya Jumapili inaonyesha ukungu tu, mchana na usiku. Mzee wa Butiama ana kile kidude cha kuongozea chaji ya sola, kimenuka moshi. Mimi nina taa yangu ya geti. Wa sita alikuja kuchaji simu, lakini naye alikuwa na lake la kusema.

Fundi alianza na taa yangu. Skrubu nne, mbili zimeshika kutu kiasi kwamba bisibisi ilizila kichwa. Alipofungua, maji yalimwagika kwenye kaunta, na ndani yake vilielea vile vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua. Sasa tuelezwe: taa iliyozibwa mpaka maji hayaingii, mdudu kaingilia wapi? Fundi akauchomoa mpira wa kuzibia kwa ncha ya kucha. Mpira ulikuwa mwembamba kama uzi wa kiatu, umekatwa mfupi, na kwenye kona moja haukufika kabisa. Palibaki pengo la kupitisha njiti ya kiberiti. Bodi ilikuwa imeota kutu ya kijani pale waya wa betri unapochomewa. Fundi akaugeuza mgongo wa taa, akaumulika kwa tochi ya simu, hakuona alama yoyote. Akaliangalia boksi, ambalo kwa bahati nilikuwa nimelibeba. Boksi limeandikwa IP65.

"Boksi linajua," akasema. "Taa yenyewe haijaambiwa."

Tuizungumze hiyo IP65, maana tumeiona kwenye maboksi miaka yote tukidhani ni jina la toleo, kama la simu. Ni alama ya viwango vya kimataifa. Tarakimu ya kwanza inahusu vitu vikavu kama vumbi, ya pili inahusu maji. Sita maana yake vumbi halipenyi kabisa. Tano maana yake kifaa kimepigwa maji ya bomba kutoka kila upande, lita 12.5 kwa dakika, kwenye mdomo wa bomba wenye upana wa milimita 6.3, kwa dakika zisizopungua 3, na kikabaki kizima. Ukiona nne mwishoni, hiyo ni ya kuvumilia maji ya kurushiwa tu. Ukiona saba, hiyo imezamishwa mita moja kwa nusu saa. Kwa hiyo muuzaji aliyesema "itumbukize hata ziwani" alikuwa anauza saba mdomoni na tano kwenye boksi, na kwenye taa yenyewe, kwa tulivyoona kaunta ya fundi, alikuwa anauza sifuri.

Na hata tano ya kweli ina mipaka yake. Kipimo hicho hufanyiwa kifaa kipya. Hakikwambii mpira utakuwaje baada ya kuanikwa kwenye jua la Musoma, digrii moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, kutwa nzima, miezi sita. Tena hakihusu radi hata kidogo. Haya hatukuyasoma kwenye kadi ya waranti. Tumeyapata kwa fundi aliyesomea Veta, huku anakunywa chai ya saa nne.

Hali ya hewa ya huku nayo si siri. Ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800 linalala mlangoni mwetu. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani, mawingu yanajijenga upande wa vilima. Usiku mambo yanageuka: maji ndiyo yanabaki na joto, upepo unatoka nchi kavu pande zote na kwenda kukutana juu ya ziwa, hewa inapanda, ngurumo zinaanza. Wanaohesabu radi kwa setilaiti wanalitaja eneo letu la maziwa makuu kila mara wanapotaja sehemu za dunia zenye radi nyingi. Vuli ya Oktoba hadi Desemba, masika ya Machi hadi Mei, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza kila msimu. Aliyeleta kontena la vifaa vya nje kuja kuuza Musoma hakuwa anaelekea Dodoma akapotea njia. Alijua anakuja wapi.

Radi tuiweke pembeni kidogo, kwa haki. Radi ni jambo jingine. Juni 2011, kule Runyanya nchini Uganda, radi moja iliua watoto 18 wa shule ya msingi wakiwa darasani. Mbele ya hilo hakuna mtu mwenye akili atakayesimama kulilia king'amuzi. Radi hubeba umeme wa ampea 30,000 hivi, na kichwa cha dishi kinaishi kwa volti 13 au 18 tu zinazotoka kwenye king'amuzi. Wala si lazima ipige dishi. Ikipiga mwembe wa jirani, ule waya mrefu unaoshuka kutoka juu ya bati unatosha kuubeba mshtuko hadi sebuleni. Mwalimu wetu wa Bweri alilielewa hilo, hakuwa anataka kulipwa kwa sababu ya radi. Alikuwa anauliza swali dogo: yule kijana aliyekuja kumfungia dishi, akalipwa ya kufunga na nauli juu, kwa nini hakumwambia habari ya waya wa kupeleka umeme ardhini, ule mafundi wanaouita ethi? Angeambiwa, angenunua fimbo na waya. Hakuambiwa. Alipokwenda kuuliza aliambiwa kwamba hilo "ni la mteja". La mteja, sawa, lakini mteja alikuwa analijulia wapi?

Na tukumbuke dishi lilifikaje juu ya bati. Zamani tulikuwa na antena ya mabomba ya alumini kwenye mti mrefu. Ikianguka unainyoosha kwa mikono, kwa sababu ndani yake hamna kitu cha kuungua. Kisha matangazo ya analojia yakaanza kuzimwa, Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa ikafuata. Sisi wengi tukaishia kwenye dishi na king'amuzi. Hatukatai, picha ni nzuri, na mpira tunauona vizuri. Ila kuanzia hapo elektroniki ilitoka sebuleni ikapanda kwenye paa, ikaongezewa paneli, ikaongezewa kamera, ikaongezewa taa. Kila nyumba yenye uwezo kidogo ina mali ya laki kadhaa inayolala nje usiku kucha, na waranti zake zimeandikwa na mtu aliyedhani inalala kabatini.

Basi tuje kwenye kadi hiyo. Mzee wa Butiama alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. Mbele imeandikwa kwa herufi za dhahabu: miezi 12. Nyuma herufi zinakuwa kama mayai ya chawa, tena kwa Kiingereza na Kichina. Kijana wa Bunda ndiye aliyetusomea, anatafsiri taratibu. Waranti haihusu maji. Haihusu unyevu. Haihusu radi. Haihusu umeme usio wa kawaida. Haihusu wadudu. Haihusu jua kupita kiasi. Haihusu kifaa kilichofunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni. Haihusu matumizi mabaya. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa inahusu nini?" Kijana akageuza kadi mbele na nyuma, akasema, "Labda kikiibwa." Akaangalia tena. "Hapana, kikiibwa pia hapana."

Butiama ina historia na mikataba ya namna hii. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ndiye aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare akaiita *Mabepari wa Venisi*, ikatoka 1969. Hadithi yenyewe inasimama juu ya mkataba: mkopeshaji ameandikiwa ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, na anapofika kuidai anaambiwa sawa, kata, lakini mkataba umetaja nyama, haukutaja damu. Sisi tunaikumbuka tukiwa kaunta. Waranti imetaja miezi 12, ila kila kinachoweza kutokea ndani ya miezi hiyo 12 kimetolewa. Tofauti ni kwamba kule Venisi yule mdeni aliokolewa na maneno ya mkataba. Huku maneno ya mkataba yanamwokoa muuzaji. Tena tangu 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Jaji anasema Kiswahili, kadi ya taa ya geti bado inaona haya.

Mama wa dagaa alingoja zamu yake kimya. Yeye hana kadi kabisa, ana maneno ya muuzaji tu. Taa zake ni zile zinazowekwa juu ya maboya, zinaelea ziwani usiku wa giza kuita dagaa. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa. Karabai ikilowa unaipangusa, unabadilisha utambi, unawasha. Hizi za betri ni nyepesi, hazili mafuta, na mwanzoni alizisifu kwa kila mtu. Moja ilizima katikati ya giza la mwezi, ziwa likiwa limechafuka kidogo. Vijana wake wakarudi na nusu ya dagaa. Alipoirudisha dukani aliambiwa imeingia unyevu.

"Nikamwambia, mwanangu, hii taa uliniuzia ya wapi? Akasema ya ziwani. Nikamwambia, ziwani kuna nini?"

Benchi zima likacheka, hata fundi. Yeye hakucheka.

Watu wa mjini watatuambia tuna sheria. Ni kweli, tunazo, na nzuri tu. Ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mkumbo wa ile ya Uingereza ya 1893. Inasema kwamba ukimjulisha muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, na ukategemea ujuzi wake katika kukuchagulia, na yeye biashara yake ndiyo hiyo, basi hata kama hakuandika popote, anahesabiwa amekubali kwamba kitu hicho kitaifaa kazi hiyo. Rudia kuisoma polepole. Taa ya ziwani ifae ziwani. Taa ya geti ifae getini. Hapa kuna mtego mmoja mdogo, tuutaje: ukiingia dukani ukataja mwenyewe chapa unayoitaka, "nipe ile ya fulani", ulinzi huo wa kufaa kazi unapungua, kwa sababu hukumtegemea yeye kuchagua. Kwa hiyo mwacheni muuzaji achague. Ninyi tajeni kazi.

Ipo pia Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, ile FCC. Hiyo inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa na matumizi yake, na hata kuhusu haki aliyonayo au asiyokuwa nayo. Lile bango lililobandikwa karibu kila duka, "Mali ikishauzwa hairudishwi", hebu lisomeni tena mkiwa na sheria hiyo kichwani. Ukibadili mawazo ukiwa njiani, sawa, hairudishwi, ni yako. Lakini kama ni mbovu tangu kiwandani, bango ni karatasi tu. Shirika la Viwango, TBS, lipo tangu 1975 na alama yake inajulikana. Mambo ya huduma ya ving'amuzi yana Mamlaka ya Mawasiliano, na umeme ukirudi kwa nguvu ukaunguza friji, EWURA ina utaratibu wa kupokea malalamiko. Kwenye makaratasi mlaji wa Mara amezungukwa na walinzi kama benki.

Tatizo letu ni hesabu. Taa ni elfu arobaini na tano. Ofisi za kanda za wakubwa hawa ziko Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Jumlisha nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula, pa kulala kama foleni haikuisha, na genge lililofungwa siku mbili. Ukifika unatakiwa uwe na risiti. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na tuseme ukweli wetu pia, maana manung'uniko ya upande mmoja ni umbeya. Muuzaji anatuuliza, "Nikupe na risiti au nikupunguzie elfu tatu?" Tunachukua elfu tatu. Tunafurahi. Tunaona tumemshinda. Ile elfu tatu ndiyo iliyonunua ushahidi wetu wote. Wengine risiti wanaichukua, wanaitia kwenye pochi, na baada ya miezi miwili karatasi ya mashine ya EFD imefutika yote, nyeupe kama cheti cha mtu ambaye hajazaliwa. Wapo pia wanaofunga nje kifaa cha ndani kwa sababu ni cha bei nafuu, wakakivisha mfuko wa Rambo kama koti la mvua, halafu wakaenda dukani kugomba. Tunawafahamu. Baadhi wamekaa kwenye benchi hili hili.

Lakini elfu tatu ya risiti haifuti swali la mpira mfupi. Na swali lenyewe ni hili: maji yakikutwa ndani ya taa ya nje, nani anapaswa kueleza yameingiaje? Huku kwetu ni mimi. Mimi niliyeuza mahindi ya kuchoma, nithibitishe kwamba kiwanda kilichoko ng'ambo ya bahari kilikata mpira mfupi. Nikiifungua taa kuonyesha, nimevunja waranti, kwa kuwa fundi wa Nyasho si fundi wao. Nisipoifungua, sina cha kuonyesha. Uingereza, hao hao tuliorithi kwao ile sheria ya 1893, walishaondoka hapo. Sheria yao ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kulipwa fedha yake yote, na kasoro ikionekana ndani ya miezi sita, inachukuliwa ilikuwepo tangu siku ya kuuzwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Majirani zetu Kenya haki za mlaji wameziweka ndani ya Katiba ya 2010, ibara ya 46, wakatunga na sheria yake 2012. Sisi tumebaki na sheria ya babu. Babu tunamheshimu, ila hakuwahi kuona taa ya sola.

Wa sita wetu, aliyekuja kuchaji simu, ni mtu wa Ikizu. Akasema kwao zamani walikuwepo watemi wa mvua. Simulizi za Ikizu zinamtaja Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua, na utemi wenyewe ulishikana na mvua. Mvua ikikosekana au ikizidi, watu walijua mlango wa kubisha na nani wa kumuuliza. Leo mvua ikiharibu kitu tunarushwa kama mpira: wa duka anasema ni wa jumla Mwanza, wa jumla anasema ni mwagizaji wa Kariakoo, mwagizaji anasema ni kiwanda, na namba ya kiwanda iliyo kwenye boksi imepungua tarakimu moja. Nilimpigia hesabu, nikaona kweli, mtemi alikuwa karibu zaidi.

Tunachotaka si kikubwa. Kadi ya waranti iwe kwa Kiswahili, na mteja aione kabla hajalipa, badala ya kuikuta ndani ya boksi lililokwisha kukatwa gundi. Alama ya IP igongwe kwenye mwili wa kifaa, maana karatasi ya boksi haipandi juu ya paa. Kwenye vifaa vinavyouzwa kwa jina la "vya nje", maji yatolewe kwenye orodha ya visingizio, na miezi sita ya kwanza mwenye kueleza awe muuzaji. Na hao wa Tume na wa Viwango, kama ofisi Musoma ni gharama, basi waje na meza moja na viti viwili mara moja kwa mwezi, leo Musoma, mwezi ujao Bunda siku ya mnada, unaofuata Butiama. Tutaleta vifaa vyetu kwenye ndoo. Hata tarehe tunawapa ya kuanzia: Siku ya Haki za Mlaji Duniani ni 15 Machi kila mwaka. Masika inakuwa ndiyo inabisha hodi. Hotuba zinasomwa ukumbini huku taa za nje ya ukumbi zinajaa maji.

Wafanyabiashara nao tunawasikia. Wanasema mzigo ukirudishwa kila mvua watafunga maduka, na wao hawana wa kumrudishia. Tunaamini. Wengi ni watoto wetu, wamekopa kama sisi. Lakini wao ndio wanaoonana na wa jumla, wao ndio wanaoagiza. Wakikataa kwa pamoja taa yenye mpira mfupi, mwagizaji ataleta yenye mpira mrefu. Sisi tukikataa mmoja mmoja, tunaitwa wasumbufu.

Mama wa dagaa alirudi dukani juma lililofuata. Fundi alikuwa amemshauri jambo moja: amwambie muuzaji aandike nyuma ya risiti, kwa mkono wake, maneno matatu, "taa ya ziwani", kisha aweke muhuri. Duka la kwanza walikataa. La pili walicheka kwanza, kisha wakakataa. La tatu walimwambia bosi hayupo. La nne walimwambia waranti ni miezi 12, maandishi ya nini tena, mama? Aliulizwa swali hilo akiwa tayari ameshika fedha mkononi, akazirudisha kwenye kanga, akafunga fundo.

Duka la tano kijana alifikiri kidogo, akamuuliza kama taa inawekwa juu ya boya au ndani ya mtumbwi, akaenda stoo, akatoka na nyingine tofauti, bei juu kwa elfu ishirini. Akaandika, akagonga muhuri.

Risiti ameitoa kopi, kwa kuwa zile za mashine hufutika. Kopi ameitia kwenye nailoni. Masika bado.